Ukuta wa Kitandani kwa Mama

Nyumba yetu ilipanda kilima kidogo kidogo, kadiri tulivyozaliwa. Jiko liko chini kabisa, usawa wa barabara, na ndicho chumba cha kwanza alichojenga marehemu baba. Alipozaliwa kaka yangu, baba akaongeza sebule na chumba juu yake. Nilipozaliwa mimi akaongeza kingine, juu zaidi. Mwisho kabisa, pale kilima kinapogoma, akajenga chumba chake na mama, chenye bafu na dirisha linalotazama mapaa ya majirani wote. Ngazi inapita ndani kwa ndani, kutoka jikoni hadi kwa mama. Mgeni anayeipanda kwa mara ya kwanza husimama katikati kuvuta pumzi, akijifanya anaangalia picha za ukutani.

Ugonjwa wa nyumba hii ulikuwa maji ya moto. Yanapashwa jikoni, kwenye tangi kubwa lililosimama kwenye kona, na safari ya kutoka pale hadi bafuni kwa mama ni ndefu. Ukifungua bomba kule juu, kwanza yanakuja ya baridi, halafu ya baridi, halafu ya baridi yenye kiburi. Unaweza kupiga mswaki, ukatandika kitanda, ukagombana na mtu kwenye simu mkapatana, ndipo yaanze kuwa vuguvugu. Na hayo yote yaliyotangulia, maji safi kabisa, yameshakwenda mtaroni. Ukifunga ukarudi baadaye, yamepoa tena ndani ya paipu, unaanza upya. Mimi ni mwalimu wa udereva. Nashinda kando ya watu wasiojua breki iko wapi, na bado hakuna kilichonipandisha hasira kama lile bomba.

Mama alikuwa ameshalikatia tamaa. Alichemsha maji jikoni kwa birika, akapanda nalo ngazi zote hizo kwenda kuoga. Vidole vyake vimeanza kukaza, asubuhi hata kufungua kifungo ni kazi. Mwezi uliopita birika likamponyoka katikati ya ngazi, maji yakamwagikia mguuni. Ngozi ilibabuka. Alijifunga kitambaa mwenyewe, akakaa kimya, nami niligundua kwa sababu tu alikuwa anachechemea.

Nikampigia simu kaka, na kaka akaja. Huyu tunamwita Meneja. Hakuna ofisi iliyompa cheo hicho, alizaliwa nacho. Akiwa bado na meno ya utoto alishakuwa anapanga viatu vyetu mlangoni, na hadi leo akifunga kitu anakifunga kwa waya wa buluu, mizunguko mitatu na mafundo mawili, hata kama ni mfuko wa mkate. Aliutazama mguu wa mama, akaitazama ngazi, akakata shauri.

"Mama, unahamia kwangu."

"Sihami."

"Kwangu kuna lifti. Maji ya moto yapo humohumo bafuni. Huku utakuja kufa kwenye ngazi kwa ajili ya birika."

"Nimesema sihami, baba."

Mama akimwita mwanawe "baba" ujue anambembeleza, na mama hana kawaida ya kubembeleza. Roho iliniuma. Nikadakia kabla sijafikiri.

"Shida ni birika, sivyo? Maji ya moto yakifika kule juu, hana haja ya birika."

"Yafike vipi, Breki?" Ndivyo anavyoniita. "Mimi si nimekulia humu? Nyumba imezeeka."

"Nitaleta fundi."

"Haya. Jumamosi nakuja na gari. Nikimkuta mama bado anapanda na birika, naondoka naye, na usinipigie kelele."

Nilitaka kumpigia kelele palepale, lakini alikuwa na haki. Mguu ulikuwa mbele yetu, umefungwa kitambaa.

Kesho yake nilimkuta mama anafuta kioo cha mezani alichonunuliwa na baba, anakifuta taratibu, pembe kwa pembe. Begi lilikuwa wazi sakafuni. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anajiandaa, maana akiondolewa hataki kuondolewa kwa fujo.

"Hutaondoka," nikamwambia.

"Kule nitalala kitanda cha mtu mmoja," akasema. "Sijawahi."

Hapo niseme jambo kuhusu kitanda hicho. Kimebanana na ukuta, na baba ndiye aliyelala upande wa ukutani. Tangu afariki, mama amehamia upande ule, na upande wake wa zamani ameuacha mtupu. Na tangu hapo analalamika baridi ubavuni. Tulimnunulia blanketi, tukamnunulia jingine, mpaka kitanda kikawa kizito kukitandika, na bado asubuhi anasema ubavu umemganda. Tukasema ni uzee.

Fundi bomba niliyemtafuta anajulikana mtaani kwa jina la Fundi Redio, kwa kuwa hazimiki. Aliahidi Alhamisi. Alhamisi akaapa Ijumaa. Akatokea Jumamosi asubuhi, mkoba begani, tumbo limetangulia, anasalimia huku anaimba.

"Shikamoo mama! Dada, habari za siku nyingi? Nilichelewa kwa sababu ya watu, watu hawanipi nafasi, kila mtu Redio, Redio. Tangi liko wapi?"

"Marahaba," mama akamjibu toka kwenye kigoda chake jikoni. Alikuwa ameshavaa nguo za safari. Begi lilikuwa miguuni pake, limefungwa.

Niliona begi lile. Nikamwambia Redio, "Kaka yangu anafika mchana. Kama maji hayajafika juu, mama anahama. Kwa hiyo punguza hadithi."

Hakupunguza. Lakini mikono yake ilifanya kazi wakati mdomo ukifanya yake. Alizunguka tangi, akaligonga, akapanda ngazi yote akifungua kila bomba na kuweka kidole chini yake: sinki la jikoni, bafu la katikati, bomba la kufulia, bafu la mama. Akashuka akitweta.

"Dada, nyumba yako haina ugonjwa. Ina usingizi. Maji yanalala kwenye paipu. Yakilala yanapoa. Ukifungua bomba, lazima kwanza uyatoe yaliyolala, ndipo ya moto yafike. Sasa dawa yake ni kuyanyima usingizi. Tunayazungusha. Yanapanda, yakifika kwa mama hayasimami, yanashuka kwa paipu nyingine, yanarudi tangini kupashwa, yanapanda tena. Mchana na usiku. Hapo popote utakapofungua, ya moto yapo mlangoni yanakusubiri."

"Hiyo paipu nyingine iko wapi?"

"Haipo. Ndiyo natakiwa kuipitisha. Na pampu ndogo ya kuyasukuma. Nitapasua ukuta hapa, hapa, na kule kwa mama nyuma ya kitanda."

"Kitanda chetu?" mama akauliza.

Mama hakuinua sauti, aliuliza tu, kama anayetaka kujua saa.

"Nitapasua kidogo, mama. Nitaziba vizuri."

"Alipaka plasta ile kwa mkono wake," mama akasema. "Hakutaka fundi aiguse. Aliniambia niende nikamtembelee dada yangu, niliporudi chumba kimekwisha." Akashusha pumzi. "Haya, pasua. Afadhali ukuta kuliko nyumba nzima."

Tukapanda. Nilivuta kitanda katikati ya chumba. Redio akaweka patasi usawa wa kiuno, akapiga nyundo mara moja tu. Kipande cha plasta kikadondoka chote, chepesi, chembamba kama ganda la yai. Redio akarudi nyuma.

"Dada," akasema. "Kuna paipu."

Niliinama. Ilikuwa pale, paipu ya shaba, imelala kwa urefu nyuma ya plasta, pale pale ambapo mto na mgongo wa mtu aliyelala vingekuwepo. Nikaigusa. Ilikuwa baridi kama ukuta wenyewe.

"Ya nini hii?" nikamuuliza.

Redio alipiga magoti, akaifuata paipu kwa kugonga plasta kwa vidole. Ilitoka upande wa bafu, ikapita nyuma ya kitanda chote, ikateremka kwenye kona. Pale kwenye kona, alipobandua plasta kidogo, ilianza kuvikwa nguo. Nasema nguo, si mzaha: mtu alikuwa ameizungushia vitambaa, tabaka juu ya tabaka, akavikaza kwa uzi. Nikachungulia. Niliujua mkono wa shati lile. Lilikuwa la kazini kwa baba.

Nieleze kazi ya baba. Alikuwa mtu wa boila kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka ya hospitali nzima yalifuliwa kwa maji aliyoyapasha yeye. Alitoka nyumbani kabla hakujapambazuka ili manesi wakiingia wakute moto umekolea. Hakuwa mtu wa maelezo. Ukimuuliza jambo alikujibu kwa kulifanya mbele yako, na kama hukutazama, shauri yako. Sheria moja tu ndiyo aliyoitamka, na aliitamka mpaka tukaiota: ukiona koki, funga. Bomba likidondosha tone tulisikia sauti yake toka chumba cha tatu. Hadi leo sisi watoto wake hatuwezi kupita mahali penye koki bila mkono kuwasha.

Tukaifuata paipu kwa kushuka ngazi. Redio aligonga ukuta, akasikiliza, akashuka hatua chache, akagonga tena. Mahali pengine ilijitokeza nyuma ya kabati, imevikwa gauni langu la utotoni lenye maua. Mahali pengine ilikuwa na taulo, kisha shati la shule la Meneja. Kila tulipoikuta, ilikuwa inateremka. Nilikuwa nimeishi humo maisha yangu yote na kitu kile ndani ya kuta, nami nilihisi aibu na furaha kwa pamoja, sijui hata niseme vipi.

Iliishia jikoni, kwenye kibanda cha chini ya ngazi tulichokuwa tukiwekea kuni enzi za kuni. Bado palikuwa na magunia matupu. Tuliyavuta yote, vumbi likatuingia puani, na nyuma yake tukaona paipu inaingia chini ya tangi. Kabla ya kuingia kulikuwa na koki. Ilikuwa imefungwa, imekazwa mpaka mwisho, na juu yake kulikuwa na waya wa buluu. Mizunguko mitatu. Mafundo mawili.

Nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka, halafu nikaona sicheki tena.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Meneja," nikasema.

Mama aliinama akatazama waya, akaelewa papo hapo. Baada ya mazishi, wengine tulilia, wengine walipika, wengine walipokea wageni. Meneja alizunguka nyumba nzima na spana, anakaza koki. Hatukumuuliza. Kila mtu alijua anafanya nini: anamtii baba. Kila iliyokuwa wazi aliifunga. Akaikuta hii nyuma ya kuni, iko wazi, na haina bomba lolote mbele yake, haipeleki maji kwa mtu yeyote. Mtoto wa baba yangu angefanyaje? Mwezi uleule tukaacha kuni, tukaweka umeme kwenye tangi lilelile. Maji yalipoanza kuchelewa, sote tukaulaumu umeme. Na kusema kweli, nani hukumbuka jinsi maji yalivyokuwa yakifika alipokuwa mtoto? Ulifungua bomba, ukaoga, ukaenda zako.

Redio alikuwa bado ameduwaa mbele ya tangi, kichwa upande.

"Pampu iko wapi?" akauliza. "Mzunguko huu hapa. Paipu ya kwenda, paipu ya kurudi. Lakini pampu sioni. Mama, mzee aliweka mashine yoyote hapa?"

"Hakuwahi. Alikuwa akisema tu maji yanatembea. Jioni anaweka mkono kwenye tangi anasema, mke wangu, maji yanatembea. Nikamwambia na mimi natembea toka asubuhi, miguu inaniuma, kaa chini ule."

Redio hakucheka. Alitazama tangi, akatazama ngazi inavyopanda hadi juu, nikaona midomo yake inacheza bila sauti. Kisha akasema polepole, sauti imemshuka.

"Tangi liko chini. Chumba kiko juu. Maji yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe. Yakipoa yanakuwa mazito, yanashuka yenyewe. Dada, mimi nimefunga pampu nyumba sijui ngapi. Hii haitaki pampu. Kilima ndicho pampu."

Akakata waya wa buluu kwa koleo. Koki ilikuwa imeng'ang'ania. Alizungusha, akasali, akatukana kidogo, akamwomba mama radhi, akazungusha tena, na ikalia kwa ukali halafu ikaachia. Sote tukatega sikio. Hakuna kilichotokea.

"Kuna hewa imekwama juu," Redio akasema. "Dada, panda kafungue bomba la mama."

Nilipanda ngazi mbilimbili. Bomba likakohoa, likatema mate, likakohoa tena kikohozi kirefu cha miaka yote ile, halafu maji yakatoka laini. Niliyaacha kidogo, nikafunga, nikasikia honi nje. Meneja alikuwa amefika.

Nilipofika chini alikuwa ameshaingia, funguo za gari mkononi, anatazama vumbi, magunia, Redio aliyelowa jasho, na begi la mama. Alilishika begi.

"Fundi amefanya nini hapa? Vumbi tupu, maji yako wapi? Mama, twende."

"Weka begi chini," nikamwambia.

"Breki, tulikubaliana."

"Kaka, weka begi chini, panda chumbani kwa mama, weka mkono ukutani nyuma ya kitanda, usitoe mpaka nikuambie. Baada ya hapo fanya unavyotaka."

Alifungua mdomo, akamtazama mama, na mama akamwambia, "Nenda, baba." Akaenda. Tulisikia viatu vyake vinapanda vyote mpaka juu.

Redio akanipanga mimi kwenye bafu la katikati, mkono kwenye paipu ya kupanda. Yeye akabaki chini na tangi. Mama hakutaka kukaa. Alisimama kwenye ngazi ya kwanza akiwa ameshika ukuta. Tulikuwa watu wazima wanne, kila mmoja amebandika kiganja mahali pake, tunasubiri, na kama jirani angechungulia angetuitia daktari.

Halafu nikalisikia joto. Sijui neno jingine. Nililisikia kwa kiganja. Paipu ilikuwa baridi, ikawa si baridi, na joto likaanza kuingia toka chini ya mkono wangu kwenda juu, taratibu, bila mtu kufungua bomba, bila mashine kunguruma, bila sauti yoyote. Nilisogeza mkono juu kidogo, pakawa baridi bado. Nikasubiri. Likanifikia. Nikasogeza tena, likanifuata tena. Maji yalikuwa yanapanda kilima yenyewe, mbele ya mkono wangu. Nywele zilinisimama.

"Limepita kwangu!" hatimaye nikaita. "Kaka, je?"

"Baridi," Meneja akajibu toka juu.

Tukasubiri. Nilisikia Redio anaimba chini kwa chini, wimbo wa kanisani au wa mpira, sikutambua.

"Kaka?"

"Baridi tu. Nyie mnacheza na..."

Akakatika hapohapo. Nilingoja amalizie. Hakumalizia.

"Kaka!"

"Njooni," akasema, na sauti haikuwa ya Meneja. Ilikuwa ya yule mtoto aliyepanga viatu.

Mama alipanda mwenyewe. Nilitaka kumshika mkono akaupiga kando. Redio alitufuata, na tulipopita bafuni kwa mama alinyoosha mkono akafungua bomba bila kusimama, na maji yakatoka ya moto tangu tone la kwanza, mvuke ukapanda kwenye kioo. Yeye mwenyewe alishtuka, akaruka nyuma akipuliza vidole, akacheka kwa sauti nyembamba. Nikafunga nikafungua tena. Ya moto. Nikafunga nikafungua. Ningeendelea hivyo mpaka jioni.

Chumbani, Meneja alikuwa amepiga magoti kati ya kitanda na ukuta, viganja vyote viwili juu ya plasta, juu ya ile sehemu ambayo haikupasuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuwa anayafuta, maana hakutaka kutoa mikono.

"Niliifunga mimi," akasema. "Ile ya nyuma ya kuni. Nakumbuka. Niliifunga kwa nguvu zangu zote."

"Ulimtii baba yako," mama akamwambia.

Redio alikuwa anachungulia pale alipopasua, anakuna kichwa. Kazi ilikuwa imemrudisha kwenye hali yake.

"Lakini mzee kuna mahali aliteleza," akasema. "Njia nzima amevika paipu nguo, joto lisipotee. Hapa tu, nyuma ya kitanda, ameiacha uchi. Na plasta ameipaka nyembamba mno. Alisahau kufunga hapa." Akasimama. Nikaona wazo linamfikia, uso ukabadilika. "Hapana. Ngojeni. Maji yasipoacha joto mahali, hayawi mazito, hayashuki. Lazima yaache joto mahali fulani ndipo nyumba nzima izunguke. Kwa hiyo alitakiwa kuchagua mahali pa kuliacha."

Mama alikuwa ameketi kitandani. Alituomba tukisukume kitanda kwenye nafasi yake, tukakisukuma, mimi na kaka, mpaka kikagusa ukuta. Akavua viatu. Akajivuta, polepole, hadi upande wa baba, akalala na nguo zake za safari, akageuka, akauegemeza mgongo wake ukutani. Alifumba macho. Tulisimama tu pale, hata Redio.

"Alikuwa akitoka alfajiri," mama akasema, macho bado yamefumba. "Kila siku. Akishaondoka nasogea upande wake. Pana joto. Nalala pale mpaka kunakucha, nikiamka bado pana joto. Nikawa najisemea, mume wangu ana damu ya moto, ameondoka zamani na joto lake bado lipo. Alipofariki nikahamia upande wake nilitafute. Halikuwepo. Nikasema basi, ndivyo inavyokuwa mtu akifa. Ningewaambia nini? Nikawaambia ubavu unaniganda, mkaniletea blanketi."

Alinyoosha mkono nyuma, vidole vyake vilivyokaza, akaweka kiganja ukutani, na vidole vikaanza kufunguka.

"Nilidhani ni joto lake," akasema. Halafu akatabasamu, bado hajafungua macho. "Na kumbe lilikuwa lake."

Redio alitoka kwanza, anatembea kwa ncha za vidole na tumbo lake lote lile. Nilimsikia chini akihangaika na spana, na baadaye akanikabidhi mpini wa ile koki, ameung'oa kabisa, ili asije mtu wa familia yetu akaifunga tena. Kaka alikaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka mama akasinzia. Kisha akashuka ngazi zote hadi jikoni, akalichukua lile begi, akapanda nalo, akaanza kurudisha nguo za mama kabatini, moja moja, anazikunja upya.